Mwongozo kamili: Kumuaga na kumshukuru mwalimu wa bendi kabla hamjamaliza kidato cha nne

Kila mwaka huwa hivyo hivyo. Kidato cha nne wanachanga pesa dakika za mwisho, inanunuliwa keki, kiranja anasoma hotuba iliyonakiliwa mahali, tarumbeta mbili zinapigwa kila moja na wimbo wake, picha, makofi, kwaheri. Kesho yake mwalimu wa bendi anafungua stoo na kukuta valvu (zile pistoni za kubonyezwa kwa vidole) zimekwama, mdomo wa tromboni (kile kipande cha kupulizia) haupo na kofia za sare zimerundikwa sakafuni zikinuka jasho.

Mwongozo huu ni wa wanabendi wa sekondari hapa Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Nyali na Likoni, wanaotaka kuifanya kazi hii ipasavyo. Msimamo wangu nautoa mapema: shukrani kwa mwalimu wa bendi huanzia stoo ya vyombo, halafu karatasini. Keki ni ya hiari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la kurasa ngumu, la orodha ya vyombo
- Beseni mbili kubwa za plastiki na taulo kuukuu
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vya jikoni, ile isiyo kali
- Vitambaa laini visivyotoa nyuzi (fulana kuukuu za pamba zinafaa sana)
- Mafuta ya valvu, chupa ndogo, na vaselini kidogo
- Brashi ndefu inayopinda ya kupitisha ndani ya mirija, na mswaki laini
- Karatasi za A4, kalamu na faili moja safi
- Nota za wimbo mmoja, nakala ya kila chombo
- Ruhusa ya naibu wa mwalimu mkuu

Simu sikuiweka kwa sababu hamruhusiwi kuwa nayo shuleni. Mipango yote ifanyike kwa daftari na kwa mdomo. Mkisema mtapangana kwenye grupu likizo ikifika, nusu yenu watakuwa ushago na nusu hawana bando.

## Hatua ya 1: Shikeni tarehe mapema

Kosa kubwa kuliko yote ni kungoja mtihani uishe. KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, haimalizi watu siku moja. Mwenye Fizikia ana ratiba yake, mwenye Sanaa na Ubunifu ana yake, na kila mmoja akimaliza karatasi yake ya mwisho mzazi yuko langoni na tuktuk inanguruma. Bendi ikishatawanyika hivyo, hairudi tena kukaa pamoja.

Mitihani ya vitendo na ya kuzungumza huanza Oktoba, ile ya kuandika hufuata na kuijaza Novemba. Kwa hiyo nafasi yenu halisi ni Septemba, baada ya Tamasha la Muziki kupita na kabla presha haijapanda. Mwalimu naye wakati huo anapumua kidogo.

Chagueni siku ya katikati ya wiki, kuanzia saa nane na nusu mchana. Ijumaa iacheni: wengine wanatoka kwenye swala, wengine wanawahi magari ya kwenda nyumbani. Msivuke saa kumi na nusu pia. Kama mwalimu anakaa Likoni, mnajua wenyewe feri ilivyo jioni. Mtu hawezi kufurahia wimbo huku moyoni anahesabu foleni.

Nendeni kwa naibu, watu wawili tu, mkiwa na tarehe, saa na chumba mnachokitaka. Msimwendee mwalimu wa bendi mwenyewe kuomba ruhusa ya kumshukuru. Nimeona ikifanyika, na ni aibu.

Mmefaulu iwapo: naibu ameiandika tarehe kwenye shajara yake mbele ya macho yenu. "Sawa, tutaona" haihesabiki.

## Hatua ya 2: Hesabuni stoo

Fungueni daftari mchore safu nne: chombo, namba yake, aliyekuwa akikitumia, hali yake leo. Kwenye tarumbeta namba huwa imechongwa kwenye silinda ya valvu ya katikati. Andikeni namba hiyo, kwa sababu "tarumbeta ya Juma" mwakani haitamwambia mtu chochote.

Andikeni ukweli. Ngoma ndogo iliyotoboka ngozi, iandikwe imetoboka. Toazi lenye ufa, liandikwe lina ufa. Mwalimu akiwa na orodha ya kweli anaweza kwenda ofisini kuomba bajeti. Akiwa na orodha ya kupendeza hana la kuomba.

Kisha msako. Mdomo wa tromboni uliobaki bwenini, vijiti vya ngoma vilivyogeuzwa vya kuchezea, glavu nyeupe, vishada vya mabegani, vyote virudi. Sare zifuliwe, zianikwe kivulini na kupigwa pasi. Kofia zifutwe tu kwa kitambaa chenye unyevu. Ukizitia majini hupoteza umbo.

Mmefaulu iwapo: kila kilichoandikwa kiko mbele yenu, na kilichopotea kina jina la mtu aliyekipoteza. Mtaje mtu bila kumgombeza. Ila atajwe.

## Hatua ya 3: Osheni vyombo vya shaba

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo twende polepole.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Ongeza mate na mabaki ya mahamri ya saa nne yanayopulizwa ndani kila siku, utapata utando wa kijani ndani ya mirija na valvu zinazopanda kwa kusitasita. Chombo kinachowekwa hivyo Novemba, kikafungiwa kwenye stoo isiyo na dirisha wakati wa joto lote la Desemba, Januari hakifunguki.

Kwanza, tenganisheni. Vyombo vya kuoshwa kwa maji ni tarumbeta, tromboni, yufoniamu, tuba na jamaa zao. Saksafoni na klarineti haziingii beseni hata kwa bahati mbaya. Saksafoni ni ya shaba kwa kuiona, lakini matundu yake yamezibwa kwa vifuniko vyenye ngozi, na ngozi ikilowa huvimba ikaacha kuziba. Hizo zipitishiwe tu kitambaa kikavu ndani, zifutwe nje, basi.

Pili, fungueni chombo kimoja kimoja. Tarumbeta tatu zikifunguliwa kwenye meza moja, valvu zitachanganyika na hapo mtalia. Toeni valvu zote tatu na mziweke kwa mpangilio juu ya taulo. Zina namba: ya 1 ndiyo iliyo karibu na mpulizaji. Toeni na ile mirija midogo ya kuvutwa. Mrija ukikataa kutoka, uacheni. Msivute kwa koleo, msigonge. Andikeni daftarini "umekwama" na msonge mbele. Hivyo hivyo kwa mdomo ulioganda: fundi ana kifaa chake cha kuutoa, na mwenye koleo ana njia ya kuupasua mrija.

Tatu, maji ya uvuguvugu. Yawe ya kiasi ambacho mkono unakaa bila kuona joto. Maji ya moto hubambua ile vanishi inayong'aa juu ya shaba, na ikibambuka hairudi. Tandikeni taulo chini ya beseni ili chombo kisibonyee, tieni sabuni kidogo, loweka robo saa hivi, halafu pitisheni brashi ndani ya mirija. Yatakayotoka yatawashangaza. Valvu zioshwe peke yake kwa mswaki laini, na vile vipande vya sufi vilivyo juu yake visilowe. Suuzeni kwenye beseni ya pili hadi povu liishe.

Nne, kausheni. Futeni, kisha acheni vyombo kivulini juu ya taulo kavu. Jua la saa saba lisihusike.

Tano, mafuta. Matone matatu manne ya mafuta ya valvu kwa kila valvu. Vaselini nyembamba kwenye ile mirija midogo ya kuvutwa peke yake. Msitumie mafuta ya kupikia wala ya nazi, hata kama kuna anayesema babake hufanya hivyo. Hunata baada ya siku chache na valvu hurudi kulekule.

Onyo moja zaidi, kwa wale wa Mji wa Kale hasa. Najua bibi hung'arisha dele la kahawa kwa ndimu na majivu likawaka kama jipya. Dele halina vanishi. Tarumbeta ya shule inayo, na ndimu pamoja na majivu huikwangua ikaacha madoa. Dawa za kung'arishia shaba za dukani nazo ni hivyo hivyo. Kitambaa laini kinatosha.

Mmefaulu iwapo: valvu ukiibonyeza na kuiachia inaruka juu yenyewe mara moja, na ukipuliza hewa inapita. Hewa ikigoma, hujaharibu kitu: valvu imeingia silinda isiyo yake au haijakaa sawa. Itoe, tazama namba, irudishe ukiizungusha taratibu mpaka uisikie ikikamata.

Kwa tromboni, ule mrija mrefu wa kuvutwa ushikwe na watu wawili. Ukipinda kidogo tu, hautelezi tena.

## Hatua ya 4: Andikeni barua, kila mtu yake

Hii ndiyo zawadi yenyewe. Hayo mengine yote huisha. Barua huwekwa kwenye droo na kusomwa siku mwalimu amerudi nyumbani akijiuliza kwa nini alikubali kubeba bendi juu ya vipindi vyake vya Biolojia.

Tatizo la barua nyingi ni kwamba hazimhusu yeye. Tazameni hii:

*"Mpendwa mwalimu, umekuwa mzazi kwetu, umekuwa taa gizani, hatuna cha kukulipa ila Mola akubariki na akuzidishie."*

Dua ni nzuri na ibaki. Lakini fanyeni jaribio hili: futeni jina la mwalimu wa bendi muweke la mwalimu wa Hesabu. Barua ikiendelea kuwa na maana, bado haijaandikwa.

Kila mmoja ajibu maswali matatu, kwa mpangilio huu:

1. Nilikuwa siwezi nini nilipoingia bendi?
2. Mwalimu alifanya nini hasa, siku gani, kwa maneno gani?
3. Sasa naweza nini, hata nje ya muziki?

Ikitoka hivyo, utapata kitu cha namna hii:

*"Mwalimu, shikamoo. Kidato cha kwanza nilikuwa nikipuliza mpaka midomo inavimba na sauti haitoki. Ukanichukulia tarumbeta, ukaniachia mdomo wake peke yake, ukasema nisiiombe hadi mdomo uimbe. Nilikuchukia wiki nzima. Siku uliponirudishia, noti ya kwanza ilitoka safi na wewe hukusema kitu, uliendelea kuandika ubaoni, lakini nilikuona ukitabasamu. Siku hizi nikishindwa na swali la Kemia nalivunja vipande namna ile ile."*

Nusu ukurasa unatosha. Andikeni kwa mkono. Kiswahili, Kiingereza, hata Kidigo au Kigiriama kama ndiyo lugha mnayosemezana naye. Isilazimishwe moja kwa wote.

Mpiga toazi asiye na maneno mengi asiandikiwe na rafiki. Mistari mitatu yake mwenyewe ina uzito kuliko ukurasa wa mtu mwingine. Na utani uangaliwe: jina la kupanga mnalomwita mwalimu mkiwa bwenini libaki bwenini.

Mtu mmoja azikusanye, ahakikishe jina la mwalimu limeandikwa sawa katika kila moja (mtashangaa), kisha azipange kwenye faili. Asizihariri.

Mmefaulu iwapo: hakuna barua mbili zinazosimulia kisa kimoja.

## Hatua ya 5: Wimbo mmoja, usio mgumu

Chagueni wimbo aliowafundisha mkiwa wageni kabisa. Kishawishi ni kutafuta kitu kipya cha kumshangaza. Lakini wimbo mpya uliofanyiwa mazoezi kwa kujificha hutoka mbovu, na mwalimu wa bendi hawezi kuzima masikio; atakaa pale akisahihisha moyoni badala ya kusikiliza. Wimbo wa zamani mkiupiga vizuri, anasikia umbali mliosafiri.

Kama nota mnaziandika wenyewe, kumbukeni kwamba vyombo havisomi noti moja. Tarumbeta na klarineti nyingi ni za B flati, saksafoni alto ni ya E flati, tromboni husoma sauti halisi (noti iliyoandikwa ndiyo inayosikika). Ili wote watoe B flati moja, tarumbeta na klarineti zinasoma C, saksafoni alto inasoma G, tromboni inasoma B flati yenyewe kwenye ufunguo wa besi. Mkigawa karatasi moja kwa wote, mtapata zile kelele za kila mwaka.

Mazoezi yafanyike akiwa darasani upande wa pili wa shule, au bila sauti: vidole kwenye valvu huku mkiimba sehemu zenu kwa mdomo. Njia hii ya pili inaonekana ya kichekesho lakini inafundisha kuliko kelele.

Waingizeni wa madarasa ya chini. Na ngoma kuu ipigwe kwa adabu. Ukumbi wa shule si uwanja wa Makadara.

Mmefaulu iwapo: mnaweza kuanza na kumaliza pamoja bila mtu wa kuongoza mbele, maana anayeongoza siku zote atakuwa ameketi.

## Hatua ya 6: Zawadi, kwa kipimo

Mwalimu wa shule ya umma ni mtumishi wa umma, na zawadi nono au pesa taslimu humtia mashakani. Bahasha isiwepo. Mchango nao uwe wa hiari, mdogo, kwa ujuzi wa naibu, na asitajwe asiyetoa. Kuna mzazi anayehangaika na karo mpaka leo.

Kikoi kizuri kwa mwalimu wa kiume au doti ya leso kwa wa kike, kutoka Barabara ya Biashara, kinatosha na kinavalika. Ila leso isomwe kabla ya kulipiwa! Msichague rangi tu. Leso yenye "Wema hauozi" inafaa. Yenye "Hasidi hana sababu" itamfanya mwalimu akae usiku kucha akijiuliza hasidi ni nani. Mwambieni muuzaji ni ya nini, atawatolea zenye maneno mema.

Kikibaki kitu, nunueni mafuta ya valvu na matete ya klarineti kwa ajili ya bendi. Mara nyingi vitu hivyo hutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe na hakuna anayejua.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Dakika arobaini, si zaidi. Mpangilio ambao huenda vizuri ni huu: aitwe kwa sababu ya kawaida, akaribishwe kiti (kiti chenye egemeo, mbele, asisimamishwe), wimbo upigwe mara moja bila utangulizi, mmoja wenu aseme dakika mbili, akabidhiwe faili, kisha vyombo.

Msemaji asiwe kiranja kwa sababu ni kiranja. Awe yule aliyeteseka zaidi na chombo chake. Aanze kwa kumwamkia naibu na walimu waliopo, aende kwenye jambo, akae. Hotuba za wageni msizipange kabisa; mkimpa mmoja kipaza sauti, watano watainuka.

Barua zisisomwe mbele ya watu. Ni zake.

Kukabidhi vyombo ndiko kunakohitaji utaratibu. Kila wa kidato cha nne ashike chombo chake, amwite kwa jina mdogo wake wa madarasa ya chini atakayekirithi, ampe mkononi na kumwambia siri moja ya chombo hicho: valvu ya pili hupenda kukwama asubuhi, kile kizibo cha kutolea mate kimelegea, sauti ya juu hutoka ukilegeza bega. Mdogo atie sahihi daftarini. Daftari apewe mwalimu mwisho.

Chakula kije baada ya vyombo kurudi stoo. Viazi karai, kaimati, halua na kahawa, mnachoweza. Mikono yenye shira na klarineti havikai pamoja.

Mwalimu akitaka kusema, mwacheni aseme. Akishindwa kusema, msimlazimishe. Pigeni wimbo tena. Picha apige mwalimu mwingine kwa simu yake, moja ya wote na moja ya yeye na daraja lenu tu.

Mmefaulu iwapo: jioni hiyo stoo imefungwa, imefagiliwa, na ufunguo uko kwa mwalimu.

## Hatua ya 8: Baada ya matokeo

Matokeo yakitoka, mtu mmoja aliyechaguliwa tangu mapema ampigie simu mwalimu na kumpa habari za wote, waliopita vizuri na ambao mambo hayakuwaendea. Msimtumie ujumbe thelathini tofauti siku moja.

Na kama unahitaji barua ya mapendekezo ya kazi au chuo, usiiombe kwenye simu hiyo. Piga nyingine wiki inayofuata.